Nyumba Iliyokataa Kumwona Haboba

Kitu cha kwanza ambacho mume wangu alikitia akili kilikuwa taa ya choo. Si lango, si pampu, si jenereta ambayo mtaa wetu wote wa Gudele, Juba, unaijua kwa mlio wake. Choo. Alisema hicho ndicho chumba kinachokula umeme bure kuliko vyote: watoto wanaingia mbio, wanatoka mbio, taa inabaki inawaka mpaka alfajiri, na asubuhi betri ya sola iko hoi. Kwa hesabu hiyo hakuna aliyembishia. Mimi nimelelewa Majengo, Mombasa, na mama aliyekuwa akituzimia taa tukiwa bado tunatafuta mto, kwa hivyo niliona hatimaye nimeolewa na mtu wa kwetu.

Mume wangu alikulia kambi ya Kakuma, akasomea Nairobi, akarudi Juba baada ya Sudan Kusini kupata uhuru 2011. Mchana ni mtu wa maghala, kazi yake kuhesabu magunia na mapipa. Jioni ni fundi, na ufundi huo hana aliyemtuma. Juba ina watu wa namna yake wengi kuliko mgeni anavyodhani. Kuna GoGirls ICT Initiative, ambao tangu 2015 wanawafundisha wasichana wa mji huu kompyuta. Kuna pia sanduku linaloitwa #ASKotec, lililobuniwa na vijana wa Sudan Kusini na Uganda wakishirikiana na shirika la r0g la Berlin, lenye vifaa vya kufundishia ufundi mahali pasipo na karakana. Mume wangu aliwahi kukaa mbele ya sanduku la namna hiyo kwenye mafunzo, akashika chuma cha moto cha solda, akaunganisha waya mbili, balbu ndogo ikawaka. Aliporudi nyumbani siku hiyo aliziangalia kuta zetu kwa jicho ambalo kuta hazijawahi kulipata.

Akili yenyewe ilikuwa kompyuta ya Raspberry Pi, ile ya Waingereza iliyotoka 2012, ambayo unaweza kuifunika kwa kiganja. Ndani yake aliweka programu ya bure ya Home Assistant, iliyoanzishwa 2013 na Paulus Schoutsen, Mholanzi aliyekuwa anatafuta njia ya kuziamrisha balbu zake mwenyewe. Vidude vidogo vilitoka Luthuli Avenue, Nairobi, vikapitia Kampala, vikavuka Nimule kwa basi vikiwa chini ya gunia la samaki wakavu la abiria mwingine. Hadi leo ubongo wa nyumba yetu unanuka Ziwa Viktoria.

Basi choo. Kidude alichokifunga juu ya mlango kilikuwa kijicho cheupe chenye kuba, kile ambacho hoteli huweka kwenye korido. Hakipigi picha. Kazi yake ni kuhisi joto linalosogea: mwili wa mtu una nyuzi 37 hivi, ukuta una nyuzi 25, mtu akipita mbele ya ukuta kijicho kinaiona tofauti na kuwasha taa. Mtu akitulia, kijicho kinaamini ameondoka. Taa inangoja kidogo, inazima.

Sasa weka pamoja mambo mawili. La kwanza, choo si mahali pa kusogeasogea. La pili, Juba. Ilikuwa Machi 2024, mwezi ambao serikali ilifunga shule kuanzia tarehe 18 kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Ukuta wa matofali ya saruji chini ya bati, uliochomwa na jua tangu asubuhi, saa mbili usiku bado una joto la mtu mwenye afya njema. Kijicho kilitazama ukuta, kikatazama mtu, kikaona kitu kimoja. Watoto waliponea kwa sababu wao huingia wakirukaruka. Mimi nilijifunza kuingia nikipunga mkono, nikaona ni adabu ya nyumba mpya. Aliyepata tabu ni Haboba.

Haboba ni nyanya ya watoto, mama mkwe wangu. Aliishi Khartoum miaka mingi, akarudi Kusini baada ya uhuru kwa tishari kutoka Kosti, akipanda Nile na vitanda vyake na masufuria yake mpaka bandari ya Juba. Mtu aliyesafiri hivyo hatishwi na giza. Lakini hapendi kudharauliwa. Usiku mmoja tukasikia makofi kutoka chooni. Kimya. Makofi tena, na sasa ya haraka. Mwanangu mkubwa akaniangalia, akaninong'oneza, "Haboba anasali." Hakuwa anasali. Alitoka akiwa amefunga kitambaa upya, akaenda moja kwa moja chini ya rakuba, kile kibanda chetu cha kivuli uani, alipokuwa mwanawe na nyaya zake, akasimama.

"Mwanangu, taa yako inamwona paka. Inawaona watoto. Mimi niliyekuzaa hainioni. Iulize hiyo kompyuta kama nimeshakufa, nijiandae."

"Mama, si wewe. Ni ukuta."

"Ukuta umenifanya nini?"

Akamweleza habari ya joto na tofauti ya joto, kwa Kiarabu cha Juba, kwa heshima zote, akichora kwa kijiti kwenye vumbi. Haboba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kwa maelezo hayo nyumba itamwona siku atakapopoa, akaenda kulala. Kesho yake mume wangu akaongeza ukali wa kijicho. Kikaanza kuona pazia, mjusi na upepo, na taa ya choo ikawa inawaka na kuzima usiku kucha pasipo mtu ndani. Jirani mmoja aliuliza kwa upole kama tuna mgonjwa wa tumbo.

Kuhusu umeme, msomaji aliye mbali anahitaji maelezo mafupi. Kabla ya 2019 Juba ilikuwa mji wa jenereta. Mwaka huo ukawashwa mtambo wa megawati 33 unaochoma mafuta, nyaya zikaanza kusambazwa mtaa kwa mtaa, na kwetu zilifika. Umeme huo tunaushukuru, ila huja na kuondoka bila kuaga. Ndiyo maana kila mwenye uwezo ana sola juu ya bati, na mwenye sola bado anaweka jenereta pembeni, na mwenye jenereta ana mshumaa kabatini.

Ndani ya mpangilio huo mume wangu akaingiza balbu janja. Balbu hizi zina tabia moja ambayo boksi halikuitangaza: zikikatiwa umeme kisha ukarudi, huamka zikiwa zimewaka. Waliozitengeneza walimfikiria mtu anayebonyeza swichi ukutani kwa sababu anataka mwanga. Hawakuufikiria mtaa unaorudishiwa umeme saa tisa usiku. Tena, ili mtu asiizime balbu ukutani na kuikatia mawasiliano, mume wangu alibandika selotepu nyeusi juu ya kila swichi. Nyumba nzima ikawa ya kuamrishwa kwa simu. Na simu hiyo haikuwa inazungumza na balbu. Amri ya kuzima taa ya jikoni, hatua chache kutoka nilipokaa, ilisafiri hadi kompyuta ya watengenezaji ng'ambo, ikapokewa, ikarudishwa Gudele. Bando likiisha, safari haipo.

Usiku mmoja bando lilikuwa limeisha. Umeme ukarudi saa tisa, na kila chumba kikawaka kwa mwanga mweupe kabisa, ule ambao mume wangu aliuchagua akisema ni mzuri kwa kusoma. Watoto wakaamka wakidhani kumekucha. Mdogo akaanza kutafuta soksi. Mume wangu akapanda kiti na kitambaa mkononi, akawa anafungua balbu moja moja, anahama chumba hadi chumba na kiti chake. Alikuwa sebuleni tuliposikia mlango wa Haboba. Hakusema neno. Aliingia jikoni, akang'oa selotepu kwa kucha, akabonyeza. Giza. Akaenda korido, akang'oa, akabonyeza. Giza. Alipofika sebuleni mwanawe bado yuko juu ya kiti, ameishika balbu iliyozimika mkononi mwake. Asubuhi selotepu zote zilikuwa zimeviringishwa kuwa mpira mdogo mweusi, na watoto walikuwa wanaupiga teke uani.

Nilipata kusoma kwamba mwaka 1966 mhandisi mmoja wa Westinghouse, Jim Sutherland wa Pittsburgh, aliunda kompyuta ya nyumbani kwa vipuri vilivyoachwa kazini. Aliiita ECHO IV. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 360, akaiweka chini ya nyumba, na ilitakiwa kuendesha saa za nyumba, kusimamia joto la vyumba na kutunza hesabu za familia. Mkewe aliitwa Ruth. Kila nikimkumbuka Ruth natamani kujua kama walikuwa na mama mkwe humo ndani.

Mtu mwingine angeishia hapo. Wangu alisema kosa si la nyumba janja, kosa ni la kutegemea kompyuta za watu, na kwa hilo nilimwona ana haki. Akatupa balbu zile, akahamisha kila kitu kwenye ubongo wetu wenyewe unaonuka samaki, ili amri isitoke nje ya ua. Kadi ya kumbukumbu ikafa kwa sababu umeme ulikatika ikiwa katikati ya kuandika. Akaweka betri ndogo ya kuishikilia. Kadi ya pili ikaishi. Hayo hayana hadithi. Hadithi ni maji.

Maji yetu, na ya sehemu kubwa ya Juba, huja kwa boza. Boza hujazwa kwenye vituo vya kando ya Nile, huzunguka mitaani likiwa na pampu na mpira mrefu, na dereva huuza kwa pipa la lita 200 au kwa kukujazia tangi. Tangi letu liko juu ya mnara wa chuma nyuma ya jiko. Utaratibu wa zamani ulikuwa wa Haboba: anachukua ufito mrefu, anagonga ubavu wa tangi kutoka chini kwenda juu, kwa mlio anajua maji yameishia wapi. Yakipungua, anamweka mtoto langoni. Boza la dereva wetu, kijana wa Eritrea mwenye subira nyingi, likipita, mtoto anapunga, boza linaingia. Bei wanaelewana kwa Kiarabu cha Juba, na chai inatolewa. Utaratibu huo haukuwahi kushindwa ila siku mtoto alipotoroka kwenda kucheza.

Mume wangu aliuona utaratibu huo, akauonea huruma. Akafunga ndani ya mfuniko wa tangi kidude kinachopiga sauti isiyosikika na binadamu, kinangoja mwangwi kutoka kwenye maji, kinahesabu umbali. Mwangwi ukichelewa, maji yako chini. Ukiwahi, maji yako juu. Habari hizo hupelekwa kwenye ubongo kwa lugha ya mashine iitwayo MQTT, na lugha hii ina nasaba inayotuhusu. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa ajili ya mabomba ya mafuta: vipimo vilivyoko jangwani viweze kutuma habari fupifupi kwa setilaiti, pale ambapo mawasiliano ni ghali na hukatika ovyo. Mume wangu aliipenda sana habari hiyo. Alisema nchi hii inaishi kwa bomba la mafuta linalokwenda Port Sudan, sasa lugha ya bomba la mafuta itahudumia bomba la maji. Nilimkumbusha kwamba tangu Februari ya mwaka huo wa 2024 bomba hilo lilikuwa limepasuka upande wa Sudan kwa sababu ya vita, mafuta mengi hayakuwa yakitoka, pauni ilikuwa imeporomoka na watumishi wa serikali hawakujua mshahara utaingia lini. Kama anatafuta mfano wa bahati njema, atafute mwingine.

Mpango ulikuwa huu. Maji yakipungua chini ya robo, nyumba yenyewe inamtumia dereva ujumbe wa simu. Dereva wa kwanza asipotokea na maji yasipopanda, inamtumia wa pili, kisha wa tatu, na kuendelea, kwa orodha ambayo mume wangu aliikusanya barabarani kwa madereva wanaopita Gudele. Ujumbe aliuandika kwa adabu: salamu, mahali, ombi, shukrani.

Kuna jambo moja kuhusu kidude kile cha mwangwi ambalo mafundi wote hulijua, na wengi hulijua siku ya pili. Maji yakikikaribia mno, chini ya sentimita mbili, hakiwezi tena kuusikia mwangwi wake mwenyewe. Na programu ya mume wangu, ikikosa mwangwi, iliandika umbali mkubwa kuliko wote. Kwa maneno mengine, tangi likijaa pomoni, nyumba iliamini tangi ni kavu.

Jumamosi dereva wetu alikuja, akajaza mpaka maji yakamwagika kwenye mfuniko, akalipwa, akanywa chai, akaondoka. Hakufika mbali. Tulimwona anarudi kinyumenyume kwenye kichochoro, ameshika simu, uso umejaa maswali. Nilikuwa bado namweleza kwamba hatujamwita ndipo boza la pili likapiga honi. Nyuma yake la tatu. Kichochoro cha Gudele hakipitishi maboza mawili, achilia mbali yanayokuja yakikutana na linalotoka. La nne lilisimama barabara kuu na dereva wake akaja kwa miguu, akanionyesha ujumbe kwenye simu yake. Ulitoka kwenye namba yetu, umeandikwa kwa upole ambao mwenye namba hajawahi kunitumia mimi. Wakati nausoma, simu ikalia tena mkononi mwake. Nyumba ilikuwa inamkumbusha.

Mume wangu alikuwa juu ya mnara akitafuta waya. Aliyetatua ni Haboba. Alitoka na kiti chake, akaketi katikati ya lango, akaita madereva mmoja mmoja. Wewe nenda kwa jirani wa kulia, ana matanga, maji hayamtoshi. Wewe nenda kanisani, mapipa yao yako tupu tangu juzi, mwambie padri ni mimi. Wewe nenda kwa yule mama wa chai kwenye kona, utamwuzia mapipa mawili. Yote hayo alikuwa nayo kichwani, nani ana maji na nani hana, na kila aliyemtaja alikuwa kweli hana. Kijana wa Eritrea akasaidia kuyatoa magari kichochoroni. Boza la nne halikupata mteja. Tukalipa nusu kwa ajili ya mafuta yake, noti zikahesabiwa mara mbili, na dereva akatushauri tubadilishe namba ya simu.

Jioni ile nilimwambia mume wangu kitu ambacho bado nakiamini. Nyumba yetu ilikuwa na mfumo tayari. Ulikuwa unajua majirani, misiba, bei, na dereva gani mwaminifu. Yeye aliivua nyumba mfumo huo uliokuwa unafanya kazi, akaivisha mwingine uliokuwa unajua umbali wa maji tu, tena nusu. Alikubali nusu. Akasema nusu nyingine ataitengeneza.

Naja kwenye spika ya honi, na hapa sichezi.

Watoto kuamka kwenda shule ni vita vya kila familia, na mume wangu alitaka nyumba iwaamshe. Alipata sauti ya kompyuta inayosoma Kiswahili, iliyotengenezwa kwa Kiswahili cha Kongo, na kwa kweli ilisema vizuri. Kuna jioni nilikuwa naiandikia maneno ili tu niisikie. Lakini spika ya sebuleni ilikuwa hafifu na watoto walilala nayo. Akaenda soko la Konyo Konyo, akanunua spika ya honi, ile ambayo wahubiri hutumia barabarani, akaifunga juu kabisa kwenye mnara wa tangi. Aliongeza king'ora kwa atakayebaki kitandani.

Sudan Kusini ilibadilisha saa yake tarehe 1 Februari 2021. Ilirudi nyuma saa moja na kuachana na saa ya Nairobi na Kampala, jua lililokuwa likichomoza hapa karibu saa moja likarejea kwenye saa kumi na mbili linapostahili. Mama yangu Mombasa hajaikubali mpaka leo, hunipigia simu kabla sijafumbua macho. Naye alikuwa na mwenzake: kidude kilichoendesha honi kilitengenezwa kwa orodha ya zamani ya saa za dunia, na kwacho Juba ilikuwa bado inafuata Nairobi. Juu ya hilo, mwanangu mkubwa ndiye aliyepewa kazi ya kupanga ratiba. Yeye amezaliwa Juba, saa ameisomea shuleni kwa Kiingereza. Nilimwambia kengele ya kuamka iwe saa kumi na moja na nusu. Akaandika 11:30, na kitufe cha asubuhi na usiku akakiacha upande wa usiku. Kwa saa ya honi ikawa saa tano na nusu usiku. Kwa saa ya Juba, saa nne na nusu, watu ndio kwanza wamejilaza.

Kutoka juu ya Gudele sauti ikapasuka: "Amkeni! Amkeni! Wakati umefika!" Kisha king'ora.

Mji huu una usiku wake. Desemba 2013 na Julai 2016 mapigano yalikuwa humu humu Juba, na upande wetu wa mji watu waliacha sufuria motoni wakakimbia. Mtaani kwetu wamo watu wazima ambao wakisikia kishindo hulala chini kwanza, kuuliza ni baadaye. Mbwa walianza, kisha watoto wa nyumba tatu nne, kisha milango ya chuma ikifungwa kwa makomeo, moja baada ya nyingine, ikienda mbali nasi. Mume wangu alipanda mnara amefunga shuka kiunoni, akaukata waya kwa koleo. Katika ukimya uliofuata hakuna jirani aliyewasha taa. Jirani wa kushoto alikuwa amewavuta watoto wake chini ya kitanda na kulala mbele yao. Alituambia kesho yake, bila hasira, na hilo lilikuwa zito kuliko angetutukana. Alisema tu, "Tulidhani ni wao." Hakuna aliyemwuliza ni akina nani.

Asubuhi mume wangu alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na Haboba akafuatana naye bila kuombwa. Alibeba sukari. Chifu wa bloku yetu akaja alasiri, akakaa chini ya rakuba, akanywa chai vikombe viwili, akaomba aonyeshwe mashine. Aliitazama Raspberry Pi kwa muda, akainusa. Hukumu yake ilikuwa ya sentensi moja: spika ishuke leo, na kisipandishwe tena kitu chenye sauti juu ya mnara huo. Ilishuka kabla ya magharibi. Sasa iko kwa mhubiri mmoja wa Munuki, tulimpa bure.

Baada ya hapo meza ya chini ya rakuba ilikaa na vumbi kwa muda. Aliyemrudisha mume wangu kwenye kazi ni Haboba mwenyewe. Alimwita, akamwambia anataka mambo mawili tu: kujua maji yamekwisha bila kunyanyua ufito, kwa sababu bega linamwuma, na kujua umeme wa mtaa umerudi bila kuuliza watoto. Hataki simu. Hataki kitu kinachosema.

Akamtengenezea. Ndani ya tangi sasa kuna boya la plastiki. Maji yakishuka, boya linashuka, linagusanisha waya mbili, na balbu nyekundu inayotumia betri ya sola inawaka juu ya mnara. Maji yakipanda, inazima. Hakuna programu, hakuna mwangwi, hakuna bando, hakuna saa. Ya pili ni balbu ndogo ya kijani kwenye nguzo ya rakuba, imeunganishwa na umeme wa mtaa moja kwa moja: umeme upo, inawaka. Chooni imerudi swichi ya kamba, ya kuvuta. Ubongo unaonuka samaki haukutupwa. Unarekodi joto la paa na nguvu ya betri, na mwanangu ameichora michoro yake akaipeleka shuleni kwa somo la sayansi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri watoto huamshwa na mimi.

Balbu nyekundu inaonekana mpaka barabarani, jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Madereva wa boza wakipita wanaiangalia, ikiwa imewaka wanageuza, hata yule wa nne aliyetushauri tubadilishe namba. Kisha nyumba ya kulia ikaomba yao, halafu kanisa, halafu mama wa chai ambaye hana mnara, ana mapipa mawili tu, akawekewa boya kwenye moja. Vifaa vyote vinapatikana Konyo Konyo na mume wangu hutoza bei ya vifaa. Kijana wa Eritrea ndiye anayemletea wateja, na nashuku anapata kitu kidogo humo, nami simlaumu. Wiki iliyopita liliingia boksi jipya kutoka Luthuli Avenue. Mume wangu anasema ni la lango. Haboba ameshaomba alione kabla halijafunguliwa.

Ombi langu ni kwa wake za mafundi, na kwa waume za mafundi pia, maana wasichana wa GoGirls wanaendelea kuhitimu. Wapeni meza. Wapeni jioni zao. Wakitaka hata sebule, wapeni. Lakini asiwepo mtu wa kubandika selotepu juu ya swichi ya ukutani.